Unga wa Bi Uwatu

Wateja walimwita Bi Uwatu, kwa sababu harufu ya uwatu haikumtoka hata aoge mara tatu. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa kwenye kibanda kilekile nyuma ya soko, akiuza unga aliofundishwa na mama yake: uwatu, tangawizi, mdalasini na majani ambayo hakuyataja mbele ya mtu. Ulikuwa unga wa wanawake wanaoteseka siku chache kabla ya hedhi, wale wa matiti kuuma, hasira na machozi yasiyo na sababu. Kwa maneno hakuwa na mpinzani. Watu walitania kwamba angeweza kumuuzia samaki maji.

Bintiye alikuwa fundi cherehani, ana mume na mtoto mmoja. Kila mwezi, wiki moja kabla ya siku zake, aligeuka mtu mwingine. Alilia juu ya mashine, akagombana na wenzake, akasema heri asingezaliwa. Mama alimkorogea kikombe asubuhi na jioni. Damu ikishaanza, binti alitulia na kusema, "Imenisaidia, mama."

Wenzake walipomshauri binti aende hospitali, Bi Uwatu alicheka. "Wakakupe nini ambacho mimi sina?"

Ndipo akaja mtafiti, dada mmoja mpole mwenye miwani, aliyekuwa akipima dawa za miti shamba. Bi Uwatu alimpa unga wake kwa mikono miwili. Wanawake tisini, binti yake akiwemo, wakagawiwa pakiti. Nusu zilikuwa na dawa, nusu unga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu, na hakuna aliyejua amepata ipi. Kwa miezi minne waliandika hali zao kila siku.

Mtafiti alirudi akiwa na karatasi moja.

"Maumivu ya tumbo yamepungua kidogo kwa waliokunywa dawa, mama. Labda ni tangawizi. Lakini huzuni na hasira, hapana. Waliokunywa unga mtupu wamepata nafuu ileile."

"Ileile vipi?"

"Kuamini tu kunampa mtu nafuu kidogo. Na siku zikifika, hali hutulia yenyewe."

Bi Uwatu alifunga kibanda mchana kweupe, akaenda kumuuliza binti yake.

"Haikuwahi kunisaidia," binti alisema bila kuinua macho.

"Miaka kumi na moja unaniambia imekusaidia?"

"Ungelia, mama. Nami sikuwa na nguvu za kukubembeleza."

Wakati huo kazi ya ushonaji ilikuwa imeshamponyoka binti. Mumewe alikuwa amempeleka mtoto wao kwa bibi yake wa upande wa baba, akisema anaogopa kumwacha naye wiki zile. Hatimaye Bi Uwatu alimpeleka hospitali. Daktari alisema ugonjwa huo unajulikana na una matibabu, kisha akauliza kwa nini wamechelewa hivyo. Bi Uwatu alitazama miguu yake. Vidonge vya kwanza vilimtapisha binti bila kumpa nafuu. Wakaandikiwa vingine, wakaambiwa wasubiri.

Kibandani, wanawake walipouliza unga, aliwajibu, "Sina hakika nao." Wakahamia kwa jirani, aliyeuza unga kama huo kwa maneno mengi zaidi.

Wiki ile ikaja tena. Binti alilala akiutazama ukuta.

"Nikuletee nini, mwanangu?"

"Usilete kitu."

Bi Uwatu akakaa ukingoni mwa kitanda. Akabaki hapo mpaka binti aliposinzia.