Mkia wa Samaki wa Bosi

Juma lililopita, katika duka la dawa za mifugo hapa Dodoma, dada mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni aliweka kwenye kaunta bakuli la kioo lenye samaki wa beta, yule mdogo wa mapambo mwenye mapezi marefu. Mkia wake ulikuwa umechanika, mipasuko safi kama ya mkasi.

"Ni wa bosi. Aliniachia, na anarudi kesho. Naomba dawa."

Muuzaji akainama. "Kingo zingekuwa nyeusi, ningesema mkia unaoza. Huyu kajikwaruza. Umemwekea nini ndani?"

"Maua ya plastiki. Nilitaka bosi akute pamependeza."

Mzee aliyekuwa mbele yangu akisubiri dawa ya minyoo ya mbuzi akacheka. "Mjukuu wangu, umempandia miiba."

"Toa maua, badilisha maji mara kwa mara, mkia utaota wenyewe," muuzaji akasema.

"Kabla ya kesho?"

"Wiki kadhaa."

Dada akashusha sauti. "Basi nipe hata dawa ya kuku. Sitamwekea, nitaiacha tu mezani, pembeni yake, bosi aione."

Nilitaka kumcheka, nikakumbuka ofisi zetu zilivyo. Anayebadilisha maji huonekana amekaa tu. Mwenye chupa ya dawa mezani ndiye anayepewa pole na kazi.