Aliyepitisha Tairi Hukaa Juu Yake

Sina subira na watu wanaosema Nasoro alikuwa mwoga. Mwoga nilikuwa mimi. Nasoro alichelewa tu. Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kilipakana na uwanja wake wa matairi hapa mtaani Hewa Bora. Yote ya Agosti ile ya 1984 niliyaona sindano ikiwa mkononi.

Baba yake alitoka Maniema, akamwachia mikono migumu na desturi moja. Gari likienda njia ya Kasenga kwa tairi alilolipitisha Nasoro kuwa zima, safari ya kwanza naye alipanda, akaketi juu ya tairi hilo hilo. "Kinywa yangu na matako yangu biende pamoja," alikuwa akisema, nasi tukicheka. Lakini madereva wa samaki wa Pweto walikubali kumngoja hata siku mbili.

Alilisoma tairi kwa kidole gumba. Alikipitisha ubavuni mpaka akute tarakimu tatu za mwisho: mbili za wiki, moja ya mwaka. Na kwa kuwa mwaka ni tarakimu moja tu, nne yaweza kuwa mwaka huu, yaweza pia kuwa miaka kumi nyuma. Hapo alitumia ukucha. Mpira mpya huingia kidogo, kisha hurudi.

Mwezi ule Clément, mstaafu wa migodi ya shaba, alinunua kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao gari lenye nyumba ndani: kitanda, jiko la gesi, mapazia. Jina Clément, kama majina yote ya Kizungu, serikali ilikuwa imelikataza zamani, lakini sisi tuliendelea nalo. Alitaka kulala kando ya mto Luapula, kule Kasenga, na mkewe, wakila samaki wabichi, basi. Tatizo lilikuwa matairi. Mji mzima hayakupatikana ila kwa Kapya.

Kapya alikuwa mkubwa wa chama mtaani kwetu. Miaka kumi hivi nyuma, wageni waliponyang'anywa maduka, yeye alipewa duka la Mgiriki mmoja pamoja na ghala lake la mabati. Alikuja mwenyewe na yale matairi manne, amevaa abakosi yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, karatasi za kiwandani bado zimeyazunguka.

Nasoro akapitisha kidole: 134. Akabonyeza ukucha, ukateleza kama juu ya sahani. Akaukunja ubavu kwa magoti, ukatoa nyufa nyembamba kama za kisigino wakati wa kiangazi. Akanitazama. Nami nikatazama sindano yangu.

"Mwaka gani, citoyen?" Kapya akauliza, akimwita mwananchi kama chama kilivyotaka. Watu walikuwa wamesimama.

"Ine."

"Na tuko quatre-vingt-quatre, nayo inaisha na ine. Basi iko mupya, ao haiko mupya? Sema mbele ya bantu."

Miezi miwili kabla, jirani yetu Musonda alisema kilabuni kwamba unga wa duka la Kapya una ukungu. Usiku huo akachukuliwa kwa gari lisilo na namba. Mpaka siku ile ya matairi mke wa Musonda alikuwa akizunguka na chakula cha mumewe kutoka ofisi hadi ofisi, kila mahali akiambiwa hayupo.

"Iko mupya," Nasoro akasema.

Jioni alikuja kwenye ukuta wetu. "Hii pneu ilikufia mu depo," akaniambia kuhusu yale matairi. "Haitafika Kasenga." Nikamjibu kwamba mdomo huponza kichwa, anyamaze. Ndiyo, mimi nilimshauri hivyo, na naona aibu mpaka leo. Akafikiri kidogo. "Basi nitapanda nayo. Nitamwambia Clément aende polepole." Nikaelewa kwamba ameamua kuubeba uongo wake kwa mwili wake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nyumba-gari likasimama mlangoni kwake, Clément kwenye usukani, mkewe kando yake. Kapya naye alikuja kuwaaga. Nasoro akapanda, akaketi kitandani, juu kabisa ya gurudumu la nyuma la kushoto. Ndipo Rabia, mkewe, akatoka ndani na kifurushi.

Mama yake Rabia alikuwa akiishi Kasenga, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa Rabia hakuwahi kwenda kumwona. Njia ile ilimla kaka yake, kwa tairi lililopasuka. Leo alikuwa amefunga blanketi, sabuni na viazi vitamu vya kuchemsha.

"Kama Baba Zabibu anakaa juu yake, miye siogope tena," akasema, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao. Wanawake wakapiga vigelegele. Akapanda, akaketi ubavuni mwa mumewe, akamshika mkono. Clément akawasha injini.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukikauka kama wa Nasoro pale.

"Zima," Nasoro akasema. Kisha: "Mama Zabibu, shuka."

"Juu ya nini?" Rabia akataka kujua sababu.

"Pneu iko ya soixante-quatorze, sabini na ine. Nilisema bongo, nilidanganya."

Akamshusha kwa mkono wake. Akachuchumaa mbele yetu sote, akabonyeza ukucha, akamwonyesha Clément zile nyufa. "Myaka kumi chini ya mabati," akasema, kwa sauti ambayo Kapya asingeweza kujifanya hakuisikia. Clément akaenda kutafuta jeki.

Kapya hakukasirika. Laiti angekasirika! Alitabasamu, akauliza kama karani anayejaza faili, "Jina ya baba yako njo nani, citoyen?" ingawa alilijua vizuri. Akaondoka kwa miguu, polepole, akisalimia watu njiani.

Nasoro alishinda akiyafungua matairi yote manne na kuyaviringisha mpaka dukani kwa Kapya, moja moja. Saa kumi alasiri ikaja Land Rover isiyo na namba, wanaume watatu ndani. Rabia alikuwa bado hajakifungua kifurushi chake. Akakitazama, akakichukua, akampa mumewe, maana blanketi na sabuni vilikuwa tayari mle.

"Atakaa siku ngapi?" akawauliza. Mmoja wao akafungua mlango wa nyuma.

Nasoro alikuwa ameinua mguu kupanda. Akaurudisha chini, akainama kwa mazoea, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa tairi lao, akabonyeza ukucha.

"Usiogope," akamwambia Rabia. "Hii njo mupya."

Akapanda.