Mabega Sita ya Hollerrode

Kwetu kijijini Hollerrode maiti habebwi kwa gari. Hubebwa begani na majirani sita, wanaume, kutoka mlangoni mwake hadi makaburini juu kanisani, na jamaa wa marehemu hawagusi jeneza. Ndivyo ilivyo tangu mwaka wa tauni, watu wa mjini walipokataa kukanyaga hapa tukazikana wenyewe. Imeandikwa kwenye kitabu cha kanisa.

Ehrenfried Stübner aliingia kwenye hao sita akiwa na miaka kumi na tisa. Mengine ya maisha yake ni ya kawaida: aliendesha lori la maziwa mpaka kiwanda kikafungwa, akafuga sungura, akagombana na mkewe Irmtraud kila Jumamosi kuhusu chumvi ya viazi. Lakini kwenye kubeba, hakuwa na mpinzani. Alimbeba mwalimu, alimbeba mwoka mikate, alimbeba mume wangu siku njia ilipokuwa barafu tupu, na jeneza halikuyumba. Kwa hilo nampenda mpaka leo.

Irmtraud alifariki Novemba, Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Kesho yake Ehrenfried akaja jikoni kwangu, kofia mkononi.

"Roswitha, nimepata wanne."

"Kina nani?"

"Detlef, wale ndugu wawili wa kinu cha unga, na Helmut."

"Helmut! Katoka kupasuliwa nyonga juzi tu. Huyo ni wa kubebwa, si wa kubeba."

"Basi watatu," akasema, akaketi.

Tukazipitia nyumba kwa mdomo. Hii imefungwa. Ile ni ya watu wa Leipzig, huja kiangazi tu. Ile ina mjane, na ile nyingine ina mjane. Kijiji cha jirani alishakwenda, wakamwambia na wao wanatafuta.

"Sisi wanawake tubebe," nikasema.

"Usinitanie, Roswitha."

"Basi beba wewe mwenyewe, mzee!"

"Mimi ni mumewe. Mume habebi." Akaigeuzageuza ile kofia. "Hospitali alinishika mkono. Akaniambia, nibebwe na majirani, Ehrenfried, usiache nikasukumwa kwa kitoroli. Nikamwahidi."

Nilitaka kumtupia kikombe. Nilitaka pia kulia. Nikamkatia keki, hakuila.

Ijumaa kijana wa shughuli za mazishi alikuja na kitoroli chenye matairi ya mpira, mpole, mwenye glavu nyeupe. Wale watatu walisimama wameinamisha vichwa kama waliokamatwa wakiiba. Sisi wanawake tulikuwa wanane, wazima wa mabega, mikono mifukoni. Nilijionea aibu, na bado sikusogea.

Kwenye kilima matairi yakazama kwenye changarawe. Watatu wakasukuma, wapi. Kijana akasema samahani, akasema hali hii hutokea. Ndipo mimi nikatoka, na wengine wakanifuata, tukaweka mikono pale kwenye chuma.

"Ngojeni kidogo," akasema Ehrenfried.

Tukangoja. Akasogea mbele, akainama hadi mdomo wake ukakaribia mbao za jeneza, pale kilipolala kichwa cha mkewe. Alidhani anamnong'oneza, lakini kwa masikio yake yale mazito sote tulisikia, hata jina alilokuwa akimwita nyumbani.

"Traudel, wamekuja watatu tu. Nimepita kila nyumba."

Kisha akarudi nyuma yetu, akavaa kofia, nasi tukasukuma.