Tulivyoichagua Ibra

Iko asubuhi moja hainitoki akilini, mwanangu, na leo nitakusimulia, maana nimesikia umetiwa kwenye kamati ya kuchagua mji wa mashindano ya basketi ya vyuo. Mama yako kaniambia huku anacheka, ati kila mkikutana mnaondoka mmenuniana. Mimi sikucheka. Kaa hapa. Jimiminie kahawa, tende hizo mbele yako. Simu yako iweke chini kidogo, haitakimbia.

Asubuhi hiyo tulikuwa Nizwa, katika chumba cha walimu cha chuo cha ualimu cha wasichana. Ilikuwa miaka ya themanini, na mimi ndiyo kwanza nimeajiriwa Sur kufundisha michezo. Nilikuwa mwembamba, usinione hivi. Unguja tuliondoka nikiwa bado skuli, tukaja huku Oman miaka ya sabini, na kama ujuavyo tulikuja na nguo zetu na salamu zetu. Mimi nilikuja na basketi pia. Nilipopewa kazi, jambo la kwanza nililolitaka ni uwanja, na wallahi niliwasumbua wakubwa mpaka wakaumwagia saruji na kuuzungushia ukuta. Nilikuwa nikiufagia mwenyewe. Ungeniona ungesema naufagia msikiti.

Basi mwaka ule ruhusa ilitoka, kwa mara ya kwanza, wasichana wa vyuo vya mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah wakutane washindane. Nizwa, Sur na Ibra. Sharti lilikuwa moja: kila msichana aje kwa ridhaa ya baba yake. Mji tuuchague wenyewe. Na tulijua, bila ya mtu kutuambia, kwamba tukishindwa mwaka ule basi faili lingefungwa, na wasichana wale wangemaliza chuo bila kucheza hata mechi moja nje ya ukuta wao.

Tulikuwa wanne. Mimi wa Sur. Mwalimu Asila wa Nizwa, aliyezaliwa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara, na maneno yake hayana pazia. Abla Salma wa Ibra. Abla ndivyo wasichana wa huku wanavyomwita mwalimu wa kike. Yeye alikuwa mtu wa Ibra khasa, hajui Kiswahili, basi kila tulipojisahau tulikuwa tukimfasiria. Na mwenye kikao alikuwa Bi Zuwena, mkaguzi wa skuli za wasichana, ambaye Unguja aliwasomesha mpaka mama zetu. Alipoingia tulisimama wote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaeni. Haya, semeni."

Tukasema! Mimi nikaanza na saruji yangu. Nikaeleza ukuta, nikaeleza upepo wa bahari, nikaeleza ringi mpya zilivyopakwa rangi.

"Sur mbali," Asila akanikata. "Timu yangu itafika imetapika njia nzima. Hapa Nizwa tuna hospitali, tuna soko, tuna barabara nzuri."

"Na milima imewazunguka hata upepo unaomba ruhusa kuingia," nikamjibu.

"Afadhali milima kuliko harufu ya papa."

Ai! Hapo, mwanangu, nilisahau kama niko mbele ya mkubwa. Nikainuka. Asila naye akainuka. Abla Salma anatutazama huku na huku, hakuna anayemfasiria. Alipoulizwa habari za Ibra alisema kwa upole kwamba wao hawamo, uwanja wao wa udongo na vijiwe, mpira ukidunda unakwenda unakotaka wenyewe. Tukamshukuru haraka haraka tukarudi kwenye vita vyetu.

Bi Zuwena alikunywa kahawa yake mpaka akaimaliza. Akakitikisa kikombe, ishara ya kwamba imetosha, akakiweka chini.

"Mmemaliza?"

Tukakaa.

"Nimesikia saruji. Nimesikia upepo, nimesikia barabara, na papa pia nimemsikia. Hao wasichana watalala wapi?"

"Madarasani, Bibi," Asila akasema. "Tutatandika magodoro."

"Na baba zao mmewaambia hivyo?"

Asila akainamisha kichwa. Halafu ndiyo akasema ambalo hakutaka kulisema. Alikuwa na mchezaji mmoja, Zahra, binti wa Bahla, mji wa jirani na Nizwa, mrefu, mkono wake haukosi. Baba yake alikuja mpaka chuoni, akasimama mlangoni, akasema binti yake halali mahali ambapo yeye hamjui mama mwenye nyumba. Na baba wengine waliposikia wakasema hivyo hivyo. Sur hawampeleki mtu.

Na mimi? Nami nilikuwa nimelificha langu. Wasichana wangu wengine walitoka Jalan Bani Bu Hassan, na baba zao walishaniambia Nizwa hawaendi, mbali, hawana mtu kule. Nikalitoa.

"Huyo baba wa Bahla," alisema Bi Zuwena, "kasema neno lenye maana kuliko yote niliyoyasikia humu tangu nilipoingia. Nyinyi mnagombea nani awe mwenyeji. Mgeni anataka nini, hakuna aliyeuliza. Mnataka mtoto wa watu aje kwenu, na mnamsifia mamaye ukuta!"

Hakupaza sauti. Laiti angepaza, ningeona nafuu.

Akamgeukia Abla Salma, akamfasiria mwenyewe yote kwa Kiarabu, neno kwa neno, pamoja na papa. Abla Salma akacheka mpaka akajifunika uso. Halafu akasema, "Kama mnatafuta mama wenye nyumba, kesho Jumatano. Njooni sokoni Ibra."

Siku ya Jumatano Ibra ndiyo siku ya soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume hatii mguu. Mimi ilikuwa njia yangu ya kurudi Sur, na Asila, ambaye hatukuwa tumesemeshana tangu jana, akapanda nyuma ndani ya gari la kaka yangu kwa amri ya Bi Zuwena. Kaka aliendesha njia nzima anapiga mluzi, maana hakuna aliyezungumza naye. Tulipofika tukamwacha garini.

Abla Salma akatupeleka moja kwa moja kwa mama mmoja mnene, barakoa usoni, amekaa kwenye mkeka na ubani wake na vitambaa vyake. Jina lake Bi Shamsa. Nikamwamkia kwa Kiarabu changu, nikaanza kueleza. Kiarabu changu siku zile, mwanangu, kilikuwa kinachechemea. Nilimaliza sentensi mbili tu.

"Sema Kiswahili, mwanangu," akanambia. "Unayaumiza masikio yangu."

Kumbe kazaliwa Unguja, Malindi, karudi Ibra kuolewa! Asila akaangua kicheko, nami nikacheka, na kwa kicheko kile tukajikuta tunatazamana tena kama watu.

Tukamweleza. Wasichana kutoka Nizwa, wasichana kutoka Sur, siku chache tu, wanataka nyumba zenye mama. Bi Shamsa akauliza, "Wanakula kila kitu?" Nikasema wanakula. Akageuka, akapiga ukelele kwa Kiarabu, soko zima likasogea. Mama mwenye hina akasema yeye anataka wa Sur, nyanya yake mtu wa Aija, kule kule Sur. Mwingine akasema yeye nyumba yake kubwa, watoto wa kiume wako Muscat, kwa nini apewe wawili tu? Wakaanza kugombana. Nami nimesimama pale, jana nimegombana nisiwe mgeni, leo watu wanagombea wageni.

"Lakini na sisi tutaangalia," Bi Shamsa akasema. "Ni mpira gani huo?"

Asila akajaribu kueleza. Ringi juu, wavu hauna chini. Hawakuelewa. Basi sijui nilipata wapi ujasiri: nikachukua furushi la vitambaa, nikarudi nyuma, nikaruka na buibui langu, nikalitupia kwenye pakacha tupu lililotundikwa kwenye mti wa hema. Likaingia. Ee, vigelegele! Kaka yangu kule garini alidhani pana harusi.

Ikabaki baba wa Bahla. Bi Shamsa alisema yeye hapelekewi maneno, yeye analeta mtu. Akamwambia Asila, "Mwambie aje yeye na mkewe. Mume wangu atampa kahawa kwenye sabla, na mkewe ataingia ndani aone godoro, aone choo, anione na mimi bila barakoa. Wakitaka kumrudisha mtoto, wamrudishe." Sabla ndiyo ukumbi wa wageni wanaume, na wa mume wa Bi Shamsa haukuwa ukipoa.

Wakaja. Asila alinihadithia kwamba wanaume wale walizungumza habari za mitende na maji ya falaji, ile mifereji ya mashambani, mpaka adhuhuri, basketi haikutajwa. Mkewe alikaa ndani na Bi Shamsa, na alipotoka alimwambia mumewe neno moja tu. Baba wa Bahla akamwambia Asila, "Binti atacheza." Wa Bahla waliposikia wakafuata. Wa Jalan nao wakasema Ibra si mbali, wanaweza kuja asubuhi na kurudi jioni kuwaona mabinti zao. Hakuna tena aliyeuliza uwanja wa nani mzuri.

Na uwanja wenyewe, mwanangu! Abla Salma na wasichana wake waliumwagia maji, wakaushindilia, wakaokota vijiwe, na bado vilichipua kama mboga. Mpira ulikuwa ukidunda, mara unageuka kushoto umemwacha mtu anakimbia kulia. Wachezaji wangu wa saruji walikuwa wakitazama chini kama waliopoteza hereni. Mama wa sokoni walijaa kando ya ukuta na vitoto vyao na vyupa vyao vya kahawa, kila mmoja anampigia kelele mgeni wake, awe wa mji gani. Mama mwenye hina alishangilia Sur mpaka sauti ikakauka, na jirani yake wa mlango wa pili alikuwa Nizwa mtupu.

Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Baba waliokuja walikaa nje, kivulini mwa magari yao, wanajifanya wanazungumza mambo mengine. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikawasikia. Kila kigelegele kikipanda, mazungumzo yanakatika. Mara baba wa Bahla akashindwa kuvumilia, akamwita bibi aliyekuwa akilinda mlango.

"Nani kafunga?"

"Wa Nizwa!"

"Wa Nizwa yupi?"

"Yule mrefu, wa Bahla!"

Halafu nikasikia sauti yake, si kubwa, anawaambia wenzake, "Huyo wangu." Na baada ya kidogo, kwa sauti kubwa zaidi, "Huyo wangu!"

Unataka kujua nani alishinda? Ibra. Ndiyo, Ibra! Walikuwa wanakijua kila kijiwe. Abla Salma, mtu yule mpole, alikimbia uwanja mzima mikono juu. Mimi na Asila tulikumbatiana kwa kushindwa, na tokea siku ile mpaka leo ni dada yangu. Watoto wake wananiita mama.

Wakati wa kuondoka wasichana walilia kwenye mabega ya mama zao wapya. Baba wa Bahla akatujia, akasimama kwa mbali kidogo, macho chini kwa adabu.

"Mwalimu," akamwambia Asila, "mwakani wapi?"

Asila akanitazama. Nami nikasema, taratibu, nimejitayarisha kukatazwa, "Bado hatujaamua, bwana. Labda Sur."

Akafikiri. Nikaona ndiyo basi tena.

"Sur tutakuja," akasema. "Mke wangu keshaalikwa. Kakaa na mama wa mchezaji mmoja wa Sur humo ndani, wamekwishapanga mpaka chakula."

Ndiyo hayo, mwanangu. Sasa rudi kwenye kamati yako. Sikuambii uchague mji gani. Mimi kumbi zenu hizi zenye viyoyozi sizijui. Nakwambia hivi: kabla hujausifia mji wako, mtafute yule anayeona tabu zaidi kuja, kaa naye, umuulize kinachomtia hofu, na umsikilize mpaka amalize. Ukilipata jibu lake umeupata mji. Na yule aliyekaa kimya kwenye kikao, mfasirieni. Usimwache mtu anatazama midomo yenu tu. Na ukikemewa na mkubwa wako, usinune sana, hata mimi nilinuna njia nzima ya Nizwa mpaka Ibra na sikupata faida yoyote.

Mwenyezi Mungu akupe moyo mpana wa kuwapokea watu, na akujaalie kila mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu mwenye uso mkunjufu. Akuhifadhi njiani, wewe na wenzako, na akurejesheni nyumbani mnacheka. Amin. Haya, inuka, nenda kawapigie hao wenzako ulionuniana nao.