Chupa ya Hamira Imetulaza Chini

Leo chupa ya soda imetulaza chini saluni nzima, hapa Malvern, ugenini.

Ile niliyotia sukari na hamira, itoe gesi ya kulisha mimea ya tangi langu la samaki humu saluni. Jana nilifunga jiwe jipya la vitundu kwenye mpira wake wa kupitisha gesi, viputo vitoke vidogo, vyote viyeyuke majini. Nikajisifu humu humu kundini!

Kumbe jiwe limeziba, gesi ikakosa pa kutokea.

PAA!

Mama Neema, mteja wangu, kichwa nusu kimesukwa, akanong'ona chini ya meza: "Wamerudi?"

Hakuna aliyeuliza akina nani. Sote tulikuwepo walipovunja maduka ya wageni.

"Ni hamira tu, dada."

Hakuna aliyecheka.

Eish. Kugeuka, geti la mlangoni limefungwa, ufunguo uko mkononi mwangu.

Sikumbuki kulifunga.

Niambieni siko peke yangu.