Maji ya Moto ya Bi Mwanaidi

Juzi nilipita Shangani, nikakuta kibao kwenye mlango wa wakandaji wa watalii: "Huisha mwili wako." Harufu ya mchaichai ilitoka humo ndani, ikanirudisha nyumbani kwetu Malindi, mchana mmoja mama akiwa ndani ya siku arobaini baada ya kumzaa mdogo wangu.

Bi Mwanaidi, aliyekuwa akiwakanda wazazi waliotoka kujifungua mtaa mzima, aliingia chumbani na sufuria ya maji ya moto yenye majani ya mchaichai, akafunga mlango. Nikasikia kitambaa kikikamuliwa, kisha mama akapiga ukelele.

Mimi sikuwa nimempenda yule mtoto, na nilikuwa nimeshasema arudishwe hospitali. Basi nikaamini mama anaadhibiwa kwa kumleta. Nikaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Bi Mwanaidi, msamehe mama! Mtoto namtaka! Nshamkubali!"

Halafu mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ajifungue.

"Kashachangamka huyo!" akasema Bi Mwanaidi. "Nguvu zinarudi."

Neno "kuhuisha" sikumsikia akilitamka hata siku moja. Lakini mama, aliyeingia akijikokota kwa kushika ukuta, alitoka amenyooka, ananukia udi, akamaliza bakuli la uji wa pilipili manga na kuomba jengine. Mikono gani ile!

Kisha akaniita.

"Naam, mama."

"Si umesema unamtaka? Haya, kaa vizuri umpakate."