Sheria ya Kayamba

Kiongozi wa bendi yetu ya muziki wa country hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alikuwa fundi cherehani kutoka Fizi. Alikuwa na sheria moja iliyoniudhi sana: ukikosea wimbo, unaofuata unauongoza wewe. Hakufoka. Alikuachia nafasi ya mbele, akaenda nyuma kutikisa kayamba. "We njo shefu sasa," alisema, yaani wewe ndiye kiongozi sasa.

Mimi niliogopa kuimba mbele za watu. Basi miaka yote nilipiga besi kwa uangalifu, nisikosee hata mara moja, na nikajiona hodari. Kumbe mwoga tu.

Alipofariki, tulipiga kwenye mazishi yake. Katikati ya wimbo vidole vyangu vikateleza. Ulipoisha, wenzangu wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Nikaongoza, sauti ikitetemeka kama ya mbuzi. Tangu siku ile hawajanirudisha nyuma.

Jumapili iliyopita tulialikwa kanisa moja la Area 23, Lilongwe. Mpiga gitaa wetu mpya, dada mmoja wa Bukavu, akakosea. Nikamwachia mbele, nikachukua kayamba. Kule nyuma, kwa mara ya kwanza, niliisikia bendi nzima, si besi yangu tu.